Mkalimani Aliyeitwa Sukari

Makarani wenzake walimbandika jina la Sukari, na mkalimani wa mahakama akalivaa kama tai. Miaka ishirini na miwili alisimama kando ya kizimba akigeuza Kiingereza cha madaktari kuwa Kiswahili cha watu waliopigwa na waliofiwa. Mwaka wake wa kwanza alitafsiri kila kitu kilivyo, mama mmoja akazimia, kesi ikaahirishwa, naye akakaripiwa mbele za watu. Tangu hapo hakutoa neno kabla ya kulipoza.

"Mimi sidanganyi," aliwaambia makarani. "Napunguza moto tu."

Upuuzi mtupu, lakini walicheka.

Jumanne moja alisimama daktari mgeni, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Mgonjwa wake, binti wa seremala, alikaa benchi la mbele na baba yake, taya limefungwa waya, hawezi kufumbua kinywa. Mumewe alikuwa kizimbani, shati limenyooka vizuri. Daktari akasoma: mbavu tatu, taya, alama ya pasi ya moto mgongoni. Akamalizia kwa neno moja, akalitamka polepole: "Brutal."

Sukari alilijua. Halisemwi kwa kofi la hasira. Husemwa pale mtu anapomtesa mwenzake, anamsikia akilia, na haachi. Ni unyama, basi. Akamtazama seremala, mzee wa watu, akamwonea huruma.

"Daktari anasema alipigwa vibaya kidogo."

Binti akagonga benchi kwa kiganja, mara mbili, mara tatu. Askari akamwambia atulie.

Hakimu, aliyezijua lugha zote mbili, alikuwa ameinamia faili la kesi inayofuata. Bila kuinua kichwa, akauliza kama familia zinataka suluhu.

"Kama ni vibaya kidogo," seremala alisema, "tutayamaliza nyumbani. Mwanangu atarudi kwa mumewe."

Akarudi. Alikaa siku kumi na moja.

Kesi ya mauaji ilipoanza, seremala alikaa benchi lile peke yake. Daktari yuleyule alisoma ripoti ya maiti, na mwishoni akalitamka tena, polepole vilevile. Sukari alikuwa bado anatafuta la kusema, mzee akasimama. Kiingereza hakukijua, ila masikio alikuwa nayo.

"Neno hilo nililisikia siku ile," alisema. "Hilohilo. Ukaniambia vibaya kidogo. Nikamrudisha mwenyewe, begi lake nimelibeba mimi. Sasa niambie, bwana, maana yake nini?"

Hakimu akainua kichwa. Daktari akamwinamia Sukari, akamuuliza kwa Kiingereza mzee anasema nini.

"Anakushukuru kwa kazi yako," Sukari akamjibu.

Daktari akamwinamishia mzee kichwa kwa heshima. Hakimu, aliyeyasikia yote, akarudi kwenye faili lake.