Baba Alikataa Jagi

Krismasi hiyo hata chapati zilinishinda kumeza. Wakati wa shukrani kanisani, baba yangu alisimama akishikilia benchi la mbele, akakohoa weee, kisha akasema anataka kubatizwa siku ya kwanza ya mwaka. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikaa tu, nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Kwa nini nisikasirike? Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye boila ya kiwanda cha chai, akila moshi wa kuni, na mwezi wa kumi na moja alikuwa ametoka wodini alikolazwa kwa nimonia. Daktari aliniangalia mimi, si yeye, akasema mzee asipigwe na baridi tena, mapafu hayatastahimili. Sasa kanisa letu hubatiza mtoni, hapa chini ya Kimulot, na maji yale yanatoka moja kwa moja msitu wa Mau. Asubuhi za Januari yanauma mifupa. Kuna miaka hata chai ya bondeni inaamka imechomwa na barafu.

Nilimngoja pasta mlangoni. "Pasta, ukimtumbukiza huyu mzee mtoni, uandae na mahubiri ya mazishi."

"Dada, hata mimi nimeogopa," akasema. "Nimemwambia nitaleta maji kwa jagi, tummwagie kichwani, Mungu hatakasirika. Amekataa."

Nyumbani nikamkuta ameketi kando ya jiko. "Mama yako alizama mzima," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Mimi ninyunyiziwe na jagi kama mche wa chai kwa kitalu?"

"Mama alikuwa na mapafu!"

"Hata mimi nilikuwa nayo siku hiyo. Nilisimama tu pale juu nikimshikia sweta."

Ilikuwa kweli. Mama alibatizwa mto huo huo nikiwa mdogo. Baba hakutaka mambo ya kanisa, akabaki ukingoni na sweta mkononi, na mama akatoka majini akicheka, meno yakigongana. Sasa mama amelala nyuma ya nyumba, karibu na chai yake. "Sitaki kuingia mwaka mwingine bado nimesimama pale juu," baba akasema.

Tangu tumzike mama nilikuwa nimenuna na Mungu. Kanisani nilikwenda kumsindikiza baba, nikaimba na wenzangu, lakini ile amina sikuisema. Na sasa Mungu anataka kumchukua na baba? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti, nikikamua ng'ombe. Ng'ombe akanipiga teke.

Mwaka mpya ukafika. Nilichemsha maji, nikajaza mtungi, nikabeba na blanketi mbili hadi mtoni. Kina mama wa kwaya wakanicheka. "Jameni dada, unataka kupasha mto mzima?"

"Ningeweza, ningepasha!"

Baba akavua jaketi, akavua sweta, akanipa. Akashuka polepole akiwa ameshika mkono wa pasta, ambaye ni kijana mwembamba, upepo wa huku kwetu Boito ungembeba. Maji yakafika magoti, kisha kiuno. Niliona mabega ya baba yakitetemeka. Nilitaka kupiga kelele, basi, inatosha, lakini nikaikumbatia sweta yake.

Baba akateleza kwenye jiwe. Pasta akamdaka shati, wote wawili wakayumba, wimbo wa kwaya ukakatika, na kichwa cha baba kikapotea.

Sijui sweta niliitupa wapi. Niliingia na viatu vyangu vya Jumapili, baridi ikanikaba pumzi, nikamshika kwapani nikamvuta juu. Alitema maji, macho yamemtoka.

"Baba, tutoke!"

"Bado!" akasema. "Hajasema maneno!"

Pasta aliniangalia mimi, kama yule daktari. Nilihisi mbavu za baba mikononi mwangu, zikipanda na kushuka, na haki ya Mungu nilikuwa na nguvu za kumburuta hadi ukingoni. Angekuwa hai, na angekufa siku nyingine akiwa bado pale juu.

"Sema basi, Pasta! Sema haraka!"

Akasema. Kwa jina la Baba, la Mwana, na la Roho Mtakatifu, tukamlaza majini pamoja, mimi nimemshika mgongo. Akatoka akikohoa na kucheka, meno yakigongana.

Siku zilizofuata nilikuwa nikitega sikio kifuani mwake kila saa. Wapi! Mzee alikula ugali na kuomba maziwa zaidi. Aliyelazwa na nimonia ni mimi.

Nilikuwa mgonjwa kweli. Usiku mmoja manesi walisimama kitandani kwangu wakinong'onezana. Asubuhi yake baba alikuja na themosi ya uji. Akaketi, akanishika mkono. Baba hakuwa amewahi kuomba mbele ya watu. Hata kuombea chakula alikuwa akimwachia mama, kisha mimi.

"Mungu," akasema kwa sauti kubwa, kama anayemwita jirani ng'ambo ya ua, wagonjwa wengine wakageuka. "Huyu ni wangu. Aliingia kwa maji kwa ajili yangu. Usimchukue."

Kisha akakwama. Alitazama dari, akanitazama mimi. Hakujua maombi yanamalizwaje.

"Amina," nikasema.