Ndani ya Blanketi

Mzee niliyemtibu leo, katika hospitali hii ya ugenini kando ya bahari, alikuwa amejipaka mafuta ya mkaratusi kifuani. Harufu ile ikanirudisha Bungoma, asubuhi ya mvua, kifua kimenibana hata kupumua ni kazi. Mama alichemsha majani ya mkaratusi, akaweka sufuria mbele yangu, akatufunika sote wawili kwa blanketi. Mvuke uliniwasha pua. Jasho lake lilinidondokea shingoni.

“Kwani wewe pia unaumwa?” nikamuuliza.

“Hapana. Sasa utakaa humu peke yako aje?”

Nilimvalisha mzee barakoa ya mvuke wa dawa. Muuguzi akaniambia kazi yangu imeisha, naweza kwenda.

Nikavuta kiti.