Mgeni Rasmi na Beji Yake

Nimeishi Croydon, hapa London, muda wa kutosha kumsoma mwanasiasa kwa kile alichobandika kifuani. Zamani, chama cha diwani wetu kilipopinga ndoa za jinsia moja, alikuja kanisani kwetu na beji ya msalaba. Maoni ya watu yakageuka, chama kikageuka nayo, na ghafla wote wakakumbuka kwamba waliziunga mkono tangu wakiwa tumboni mwa mama zao. Chama cha upande wa pili kilifanya vivyo hivyo, ila kwa aibu kidogo.

Alhamisi moja kabla ya uchaguzi alibisha hodi kwangu, beji ya upinde wa mvua inametameta. Binti yangu alifungua akiwa na mchumba wake. Diwani aliposikia kwamba wasichana hawa wanaoana, aliwapongeza hadi nikaona haya kwa niaba yake.

"Msisahau kunialika!" akasema.

Alipoondoka, binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza chake, kama kila wiki, iwapo nimewaambia watu wa kanisa. Alitaka tu waje harusini wale waliombeba mgongoni. Nikamwambia bado natafuta siku nzuri.

Jumapili, kanisani, diwani alikalia kiti cha mgeni rasmi, maana sisi Wakenya hata chai hainyweki bila mgeni rasmi. Kifuani hakuwa na kitu. Alisifu familia "kama Mungu alivyoipanga", akapigiwa makofi. Hasira zilinipanda. Na mimi ndiye niliyepangiwa kutoa shukrani.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Namshukuru mheshimiwa. Alhamisi alikuja kwangu, akampongeza binti yangu kwa kuwa anafunga ndoa na msichana mwenzake. Ameomba mwaliko. Basi nyote mmealikwa, na mgeni rasmi ni yeye."

Diwani akakumbuka kwamba ana mkutano mahali pengine. Mchungaji akaanza kutafuta wimbo. Ndipo mama aliyenilelea binti nikiwa kwenye zamu za hospitali akauliza kwa sauti nani anapika pilau, maana anajua pilau yangu haina ladha.

Harusini walikuja wachache, na pilau yao. Kiti cha mgeni rasmi kilibaki kitupu hadi wakati wa hotuba, nikaenda kukikalia mimi. Binti yangu, ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, akainuka na kusema, "Karibu, mheshimiwa."