Kozi Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Mwanangu, siku ile naikumbuka hadi leo, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Kwa hivyo usingoje maneno matamu. Ukisikia nimekaza sauti, jua si wewe ninayekugombeza. Ninaanza kwa kujigombeza mwenyewe, halafu nitawafikia wengine.

Nilikuwa mwanamke kijana, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Eastlands, Nairobi. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Alitutoa Bungoma tukiwa wadogo, tukalelewa Makongeni, na katika safu yetu ya nyumba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupata cheti cha ualimu. Nilijiona nimefika. Basi mwalimu mkuu akanikabidhi kazi ambayo hakuna mwenzangu aliyeitaka: kuwashauri wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu kozi na kazi. Sikuwa nimefunzwa jambo hilo hata siku moja. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya mipira, meza, viti viwili, na rundo la vijitabu vya vyuo vilivyokwisha kuliwa na panya pembeni. Aliniagiza niwaelekeze mahali panapowafaa, nisiwajaze ndoto. Nikaona amenena. Mungu anisamehe.

Wakati huo fomu ya kuchagua kozi ilijazwa kabla ya mtihani, na mwalimu alitia sahihi chini. Waliingia mmoja mmoja, nami nilikuwa na haraka, maana insha za kidato cha pili zilikuwa zinaningoja zisahihishwe.

Akaingia msichana aitwaye Mutheu. Alikuwa mtulivu, wa wastani darasani kwangu, na sketi yake ilikuwa imeshonwa upya kiunoni. Kwenye fomu alikuwa ameandika uhandisi wa umeme, kwa herufi safi kabisa. Nilimwuliza baba yake anafanya kazi gani. Akasema ni seremala, ana kibanda sokoni Gikomba. Nikacheka.

Nasema nilicheka, mwanangu, wala sitalipamba neno hilo. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na nilipenda kujionyesha, nikamtupia methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Nikamweleza kwamba mtu hukua karibu na kazi za kwao, kwamba chuo kikuu kina wenyewe, na msichana wa nyumba kama yao atashukuru akipata kiti ofisini. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuta ile kozi, nikaandika uhazili. Nikatia sahihi.

Mutheu alisema, "Sawa, mwalimu." Akainuka, akarudisha kiti chini ya meza, akatoka. Mimi nikamwita mwingine.

Matokeo yalipotoka, Mutheu alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi shuleni. Fizikia aliwashinda wote, wavulana kwa wasichana. Alama zake zilitosha kumwingiza katika kozi ile aliyoiandika kwa mkono wake, na ambayo mimi niliifuta kwa mkono wangu. Lakini haikuwa kwenye fomu. Barua iliyomfikia nyumbani ilikuwa ya kumwita akasome uhazili.

Wiki ile ile baba yake akaja shuleni. Mzee Kioko alikuwa mtu wa Machakos, mfupi, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Nilidhani atafoka, nikajiandaa kujitetea. Hakufoka. Alikaa kwenye kile kiti alichokalia binti yake, akaweka barua mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, mbao ikiletwa kwangu, huwa naigeuza kwanza. Naangalia nyuzi zake zinaelekea wapi, naangalia kama ina kifundo, ndipo nashika randa. Wewe mtoto wangu ulimwangalia kwa muda gani?"

Nikasema labda dakika tano.

"Na ulimwuliza nini?"

Nilikuwa nimemwuliza swali moja tu. Nikamwambia ukweli: nilimwuliza baba yake anafanya kazi gani.

Mzee Kioko akatikisa kichwa polepole. "Basi hukumpima yeye. Ulinipima mimi."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa na baba kwa mshipi, nimewahi kukemewa na padri mbele ya kanisa zima. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale. Kisha akaniambia kwamba Mutheu ndiye aliyetengeneza taa za vibanda vyao vyote kule Gikomba tangu akiwa darasa la saba, na kwamba mafundi wazima walikuwa wakimwita awasaidie. Jambo hilo ningelijua kwa swali la pili tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilikuwa nalifundisha hilo darasani kila muhula!

Nilifuatana naye hadi mjini kwenye ofisi ya uteuzi. Karani akatuambia muda wa kubadilisha umepita, kisha akanigeuzia nakala ya fomu na kunionyesha sahihi yangu, kana kwamba sikuijua. Tulirudi kwa miguu hadi Gikomba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuja kunyooka yote. Mutheu alisoma uhazili, akapiga chapa katika ofisi moja ya Industrial Area kwa miaka, huku akiweka akiba kidogo kidogo, hadi alipojilipia masomo ya ufundi wa umeme. Nilikuja kukutana naye nikiwa na mvi, siku nyaya za kanisa letu zilipoungua na wazee wakaita fundi. Aliteremka ngazi, akanitambua kabla sijamtambua, akanisalimu kwa heshima. Nilianza kuomba radhi.

Akanikatiza. "Mwalimu, kazi yangu naipenda, na watoto wangu wanasoma kwayo. Lakini majengo makubwa huchorwa na wengine, mimi navuta waya pale walipochora. Ningekuwa mimi ndiye ninayechora." Kisha akaongeza, "Na mimi pia nilikosea. Nilijua umekosea, nikasema sawa."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na haijazeeka. Kwa sababu juzi mjukuu wangu Nafula, aliye gredi ya tisa, alirudi na karatasi ya kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Akaniambia, "Kukhu, tumeambiwa sayansi ni ya watoto wa mashule makubwa, sisi wa mtaa tuchukue rahisi." Kukhu, kwa lugha ya kwetu, ni nyanya, yaani bibi. Nilivaa viatu nikarudi naye shuleni saa hiyo hiyo. Nikamkuta mwalimu kijana, ana haraka, ana rundo la karatasi mbele yake. Nilijiona mimi. Nikamweleza habari za Mutheu mwanzo hadi mwisho, wala sikumpa nafasi ya kutazama saa. Nilipomaliza, akamwita Nafula, akavuta kiti, akaanza kumwuliza maswali. Niliondoka nikiwaacha wakizungumza.

Wapo wengine wa kukemewa. Wewe mzazi unayemlazimisha mtoto awe daktari ili upate la kusema kwenye harusi, unafuta kama nilivyofuta mimi. Nawe unayemcheka jirani yako kwa kuwa mwanawe amechagua kushona viatu Kariokor, ulishawahi kumwuliza kijana huyo anapenda nini? Watu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini mwangalie kwanza kama ni samaki.

Na wewe mwanangu uliye na fomu mkononi, nisikilize. Ijaze wewe. Usichukue kozi kwa sababu rafiki zako wote wameichukua, wala usiiache kwa sababu mtu amecheka. Tafuta anayeifanya kazi hiyo, hata kama ni kumngojea mlangoni pake, umwulize asubuhi yake inaanzaje na mikono yake inachoka wapi. Jua masomo inayotaka, kisha uyasome kwelikweli, maana kupenda bila kusoma ni kujidanganya. Ukiambiwa haikufai, uliza kwa nini. Uliza kwa adabu, lakini usitoke chumbani mpaka ujibiwe. Ikiwa sababu ni alama zako, hilo ni neno la haki, likubali au ujitahidi zaidi. Ikiwa sababu ni mtaa wenu, au kazi ya baba yako, au kwamba wewe ni msichana, usiseme sawa.

Nenda, mwanangu. Mungu akukutanishe na mtu atakayekutazama vizuri kabla ya kukushauri, na asipokuwepo, akupe wewe ulimi wa kujieleza. Kazi ya mikono yako ikulishe, ikutosheleze moyo, na iwe ile uliyoichagua mwenyewe. Amina.