Askari Aliyezunguka Shayiri

Askari yule alishika bunduki kama fyekeo la shambani kwao: anatemea viganja mate kwanza, ndipo anaiinua. Kila mara kikosi kiliposimama, aliinama akachukua udongo kidogo, akaunusa. Luteni Hjelm, mtu wa mjini, alishaacha kumkanya. Jumapili moja baada ya ibada, mazoezini, Hjelm aliamuru wavuke shamba la shayiri moja kwa moja. Askari akalizunguka, taratibu, bunduki begani.

“Wewe, adui yuko mbele.”

“Namwona, afande. Lakini hii imebakiza wiki moja ivunwe.”

“Kwani shamba ni lako?”

“Hata mwenyewe simjui, afande.”

Hjelm akageuka awaamuru askari wengine wamkamate. Shambani hapakuwa na mtu. Kikosi kizima kilikuwa nyuma ya askari yule, kimejipanga mstari mmoja, kikikanyaga nyasi za ukingoni mwa shamba.