Kwa sababu ya cache yangu, afande alimwita bintiye mwongo

Wakuu, habari za mihangaiko. Kuna jambo limenikaa rohoni, leo nalitoa. Chumvi siongezi, hata nguvu ya kuongeza sina.

Mimi ni Mkenya, nina kaduka ka typing na intaneti hapa Old Kampala, chini kidogo ya msikiti. Kompyuta tatu, printer moja yenye kisirani. Miaka sita ya "madam, nisaidie kuprint". Nimechoka jamani, lakini tuendelee.

Kuna afande mmoja, polisi wa makamo, mtu wa kaskazini. Binti yake Acen alikuwa anasubiri nafasi ya chuo. Orodha ya kwanza ilipotoka tuliitazama pamoja kwenye kompyuta ya pili. Jina halikuwepo.

Jumatatu iliyofuata akarudi. Acen kapigiwa simu na rafiki yake, kaambiwa orodha mpya imetoka na jina lake limo. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Acen mwenyewe ana katochi, kale kasimu ka vitufe, mtandaoni haingii.

Nikamwonyesha afande kompyuta ya kwanza, ilikuwa wazi. Akakataa.

"Hapana madam. Faili yangu ilifunguliwa hapa."

Polisi bwana! Kwao kesi inafuatwa kwenye meza ile ile ilipofunguliwa. Nikacheka, nikafungua ile ya pili. Jina hakuna.

Jumanne hakuna. Jumatano hakuna. Kusema kweli hata macho sikuwa naweka vizuri. Nabonyeza link ile ile, nashuka chini, natikisa kichwa.

Jumatano hiyo akapiga simu mbele yangu.

"Acen, kompyuta haiwezi danganya. Wewe ndiyo unadanganya. Kesho enda soko ya Owino kwa shangazi, ujifunze kuuza nguo."

Nilimsikia mtoto akilia kabla simu haijakatwa.

Nisimame kidogo kwa wasiojua. Browser huweka nakala ya kurasa ulizofungua, ndiyo cache. Chuo kikibadilisha orodha kwenye link ile ile, kompyuta yako inaweza kuendelea kukupa ya wiki jana. Na mimi hili nalijua, wakuu! Watu nawafundisha! Ila nilikuwa sifuti, maana kurasa zilifunguka haraka na bundle ilikaa. Uvivu na ubahili tu, sina neno lingine.

Ijumaa saa kumi afande akapita, anasema ni mara ya mwisho. Kwenye kompyuta ya pili kulikuwa na mwanafunzi anatype kazi yake, hatoki. Afande akakaa kwenye ya kwanza shingo upande.

Jina lilikuwepo. Na orodha ilikuwa na tarehe ya Jumatatu.

Tukajaza fomu haraka haraka, ikaenda zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Nikashusha pumzi.

Afande akaniuliza polepole, "Sasa hata Jumatatu jina ilikuwa?"

Nikamjibu, "Network, afande. Si unaijua network ya hapa."

Akavua kofia, akapiga simu.

"Acen, mwanangu, nisamehe. Wewe hukudanganya. Ni baba ndiyo alikosa."

Mimi niko pale pale, naangalia keyboard.

Acen sasa yuko chuo. Afande bado hupita, juzi kaniletea simsim, ufuta wa kwao. Anawaambia watu, "Huyu madam ndiye alitafuta jina ya mtoto wangu."

Kwa hiyo wakuu, futeni cache. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, weka tiki kwenye cached images and files, password usiziguse, kisha futa. Kwenye simu ingia menyu ya browser, history, halafu clear. Ni dakika moja. Siku hizi nafuta kila asubuhi kabla sijafungua mlango.

Lakini mzee wa watu aliomba radhi kwa kosa langu, nikasikiliza mpaka mwisho, na simsim nikala.

Nimwambie, au nimwachie furaha yake? Semeni. Hata wa kutukana nitawasoma.