Mkia wa Mwanzi

Harufu ya mwanzi uliokaa juu ya moshi wa jikoni inanikasirisha hadi leo, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Wenzangu waliokulia Rungwe harufu ya moshi inawarudisha nyumbani, kwenye ndizi na maharage na ile mvua ya Tukuyu isiyojua kuchoka. Mimi inanirudisha kwa Lusajo. Ngoja niseme yote hapa, maana mwenyewe nikimwambia anacheka.

Tulikuwa darasa la tano, mimi na yeye, nyumba zetu zimetenganishwa na shamba la migomba pale Ibighi. Kwetu mtoto wa kiume hali peke yake; anakula na rika lake, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Lusajo alikuwa anaingia jikoni kwetu bila hodi, anafunua sufuria, ananawa, anakaa. Mama hakumwona mgeni, na mimi kwa mama yake vivyo hivyo. Kwa hiyo tulipoanza kuunda ndege, hakuna aliyeuliza ni ya nani. Ilikuwa yetu, kama sahani ile ya ndizi ilivyokuwa yetu.

Haikuwa na injini. Ilikuwa ya kuzungusha. Mmoja anasimama katikati na mpini wenye nyuzi mbili za mshipi wa kuvulia samaki, uzi mmoja umefungwa karibu na pua ya ndege, mwingine karibu na mkia. Mwenzake anaishika ndege kule mwisho wa nyuzi, anakimbia nayo, anaiachia, na wa katikati anageuka nayo huku inazunguka hewani. Akiinamisha mpini inashuka, akiuinua inapanda. Peke yako huwezi. Mabawa tuliyavika nailoni ya mfuko wa mbolea ya chai, pangaboi tukalikata kwenye kopo la maziwa. Kilichotushinda ni mkia. Unyevu wa Tukuyu unapinda mwanzi, na mkia ukipinda kidogo tu, ndege inajipigiza chini. Tulivunja mikia mpaka mama akasema tutaimaliza mianzi ya babu. Halafu siku moja nikaangalia mahindi ya mbegu yanavyokauka kwenye kichanja cha jikoni, nikauweka mwanzi pale, juu ya moshi. Ulikaa msimu wote wa baridi, ukawa mweusi, mkavu, mwepesi, haupindi tena. Nikachonga mkia. Mwalimu mkuu akakubali tuirushe siku ya kufunga shule, mbele ya wanafunzi wote, na sisi tukaapa kutoijaribu kabla ya hapo tusije tukaivunja. Nilikuwa sipati usingizi kwa kuiwazia.

Ulikuwa wakati wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka tuliyoyazoea na chumvi na viberiti yakajaa ghafla sabuni za kunukia, redio na viatu vya plastiki. Frank, mtoto wa mwenye duka jipya karibu na stendi, akaja shuleni na ndege ya dukani: nyekundu, ya plastiki, ina injini ya betri, waya wake na mpini unaong'aa. Tuliizunguka kama kuku waliomwagiwa mahindi. Hata mimi niliitamani, nisidanganye. Lakini siku ya pili tu Frank aliipigiza kwenye goli, mkia ukawa vipande. Duka la baba yake lilikuwa na ndege, halikuwa na mkia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lusajo hakucheka. Aliviokota vile vipande, akawa anavigeuzageuza mkononi.

Siku ya kufunga shule nikapanda kichanjani, tulikoihifadhi, kuichukua ndege. Ndege ipo, mkia haupo. Mama alikuwa anamenya ndizi. “Lusajo kapita asubuhi,” akasema, “kasema mmekubaliana. Si yenu wote?” Nikatoka mbio na ndege isiyo na mkia, na njiani kote nilikuwa bado namtetea: labda ameenda kuulainisha, labda ananitania tu. Nikafika uwanjani nikamkuta Frank anakimbia na ndege nyekundu, Lusajo yuko katikati ameshika mpini unaong'aa, na nyuma ya ile plastiki umefungwa mkia wangu, mweusi kwa moshi wa jikoni kwa mama. Frank akaiachia. Jamani, ilipaa! Ilizunguka juu ya vichwa vyetu ikinguruma, haiyumbi hata kidogo, na shule nzima ikapiga makofi. “Mkia wetu huo!” nikapiga kelele. Mwalimu akaniambia niache wivu. Lusajo akakitazama nilichoshika, akasema watu wakisikia, “Amba, hiyo yako ni mianzi tu. Hii ndiyo ndege.”

Yako! Jana yake ilikuwa yetu.

Jioni nilijua hatathubutu kuja. Akaja. “Mugonile, mama,” akasalimia, akanawa, akakaa kwenye sahani ile ile. Nikainuka. Mama akanivuta mkono akanikalisha: mwenzako huachwi naye wala humwachi kwenye chakula, mgombane msigombane. Nikala, na yeye mdomo umejaa, anamsimulia mama jinsi ilivyopaa. Kama angeniomba ule mkia, sijui kama ningempa. Hakuniomba.

Krismasi iliyopita nilikuwa kwa mama na wanangu. Mdogo ana ndege ya rimoti niliyomnunulia Mbeya. Inapaa yenyewe, haina uzi, haihitaji mtu wa kuiachia, na yeye anairusha peke yake nyuma ya nyumba kisha anakula peke yake akiangalia simu. Ya dukani ilishinda, hilo nimelikubali zamani. Lusajo akaingia bila hodi, kichwa kimejaa mvi, akanawa, akakaa. “Mnajua baba yenu na mimi tulikuwa marubani?” akawaambia watoto. Kisha akanigeukia, macho yanacheka. “Amba, unaikumbuka ndege yetu?”

Nikaliweka tonge chini. Nilidhani hatimaye amefika pale, kwamba baada ya miaka yote hii anataka kuniomba radhi, na nikajisikia niko tayari kabisa kumsamehe.

“Ndege ipi?” nikamuuliza.

Akadhani nimesahau.

“Ile nyekundu, bwana.”